Mchicha Hausomi Gazeti

Mwokaji alikuwa hajavua hata viatu alipolisikia lile joto. Kutwa nzima yuko mbele ya tanuri la mikate, na sasa tanuri jingine linamngoja nyumbani kwake! Alisukuma mlango wa chumba cha nyuma, akapigwa usoni na mwanga mkali hadi akafumba macho.

Chumba hicho kilikuwa bustani ya mama yake. Tangu jirani apandishe ghorofa mbele ya dirisha, jua halikuingia tena, na tangu nyonga ya mama igome, mama naye hakutoka tena nje. Mwanamke aliyelima maisha yake yote akabaki kulala amegeukia ukuta. Ndipo Mwokaji alipogonga rafu, akajaza udongo kwenye ndoo na makopo, akapanda mchicha, nyanya na dania, akamwambia, "Shamba lako hilo, amka." Na mama akaamka! Kila asubuhi alijikongoja na mkongojo wake hadi rafuni. Basi mtu aguse kila kitu katika nyumba ile, ila asiguse chumba hicho.

Taa alizichagua mwenyewe, tena bila pupa. Aliuliza duka hadi duka, wauzaji wakamchoka. Hakutaka zinazochemka, kwa sababu joto la taa ni umeme unaopotea bure, na umeme wa tokeni, unaolipiwa kabla, haukawii kwisha. Akachukua taa nyembamba za LED, zenye mwanga wa zambarau, ambazo hata ukizishika haziunguzi. Miche ikashika vizuri.

Sasa taa hizo zilikuwa zimelazwa sakafuni. Juu ya rafu zilining'inia taa mbili kubwa za kumulika, zile za mafundi wa ujenzi, na chini yake mchicha umelegea, kingo za majani zimekauka kabisa.

"Waya!"

Mdogo wake, fundi umeme ambaye mtaa mzima ulimwita Waya, akatokea jikoni akitafuna.

"Shikamoo, dada. Umeuona mwanga huo? Huo sasa ndio mwanga."

"Shikamoo yako peleka huko! Nani kakutuma?"

"Dada, zile zako vilikuwa vitaa vya disko. Hata gazeti mtu husomi."

"Kwani mchicha unasoma gazeti? Hebu niambie, lini umeona mchicha ukiulizia matokeo ya mpira? Fundi umeme mzima, unapima taa ya mmea kwa jicho lako! Umenichomea bustani, umegeuza nyumba jiko, na bado unatafuna!"

"Lakini dada..."

"Lakini nini? Umeme umebaki kiasi gani?"

Hapo hapo taa zikazimika, friji ikanyamaza, nyumba nzima ikawa kimya. Tokeni imekwisha. Mwokaji alitamani ampe vidonge vyake hadi majirani wasikie.

"Usimgombeze mwenzio," sauti ilisema nyuma yake. Mama alikuwa amesimama mlangoni, ameegemea mkongojo. "Mimi ndiye niliyemtuma."

"Wewe, mama?"

"Kwenye ule mwanga wa zambarau sioni kitu. Majani meusi, udongo mweusi. Juzi nimeng'oa mche wa nyanya nikidhani ni gugu. Nikaurudisha kwa kupapasa, mwanangu, huku nalia."

"Macho yameanza lini?"

"Siku nyingi."

"Na hukuniambia?"

"Ungenikataza kuingia."

Loo! Hasira zilimpanda Mwokaji hadi utosini, akakosa hata pa kuzitua. Alimkasirikia mama kwa kuficha, akamkasirikia Waya kwa kujua na kunyamaza, akajikasirikia mwenyewe zaidi ya wote. Alikuwa akitoka mama hajaamka, akirudi anakagua majani, halafu analala. Majani aliyakagua kila siku, macho ya mama hakuyakagua hata mara moja.

"Na wewe," alimgeukia Waya, "mama kutoona ndiyo sababu ya kuunguza mboga?"

"Aliniapisha, dada. Nilitaka aone tu."

Asubuhi yake walimpeleka mama kwa teksi hadi kwa daktari wa macho, naye akawapangia siku ya kurudi. Mama akasema mchicha haupangiwi siku, twendeni dukani. Akakaa mbele ya kaunta, kopo la mchicha ulionusurika likiwa mapajani. Muuzaji akawasha taa moja baada ya nyingine. Waya akawa anasoma wati na kuweka kiganja chini ya kila taa.

"Hii?"

"Nyeusi tu," mama alisema.

"Na hii?"

"Inachoma," Waya alisema kabla mama hajajibu, na dada yake akamkata jicho, ingawa safari hii alikuwa amesema kweli.

Muuzaji akawasha ya LED yenye mwanga mweupe, nyembamba, baridi. Alisema inatumia umeme kidogo na mimea inaipenda. Mama akainama juu ya kopo, akaligeuza jani, akaligeuza tena.

"Naona mishipa yake," alisema. "Ni hii."

Kisha akainua uso, ukakutana na wa binti yake aliyeinama karibu yake chini ya mwanga ule ule. Akamtazama, akamtazama, akanyoosha mkono, akamgusa kichwani juu ya sikio.

"Mwanangu," alisema, "mvi zote hizi zimeota lini?"

Mwokaji alifungua mdomo amjibu kwa ukali, maana ukali ndio aliokuwa nao karibu. Haukutoka.

"Siku nyingi, mama," alisema.