Asilimia Sita

Mambo yaliharibika Jumanne ya tarehe kumi na nne Machi, saa nne asubuhi, ndani ya bwalo la kiwanda cha saruji, na mimi nikiwa nimesimama napiga makofi.

Wiki hiyo wafanyakazi mia mbili na kumi tulikuwa tumetia dole gumba kwenye barua moja. Tulitaka bomba la pili la moshi lifungwe mifuko ya kuchuja vumbi. Barua ilikuwa wazo la mke wangu. Yeye alikuwa akishona midomo ya mifuko ya saruji chini ya bomba hilohilo, na kifua kilikuwa kimeanza kumkaba. Alikuwa akiwachekesha wenzake kwamba siku akifa wasihangaike kumjengea kaburi, wamwagie maji tu, ataganda mwenyewe.

Wakubwa wa siku hizi hawatukani. Wanaleta asilimia. Meneja alikuja na mtaalamu mwenye suti, akatuangazia ukutani maduara mawili ya rangi, moja la nchi yetu, jingine la nchi jirani. Kipande chekundu, akasema, ndicho hewa chafu ya viwanda. Chao thelathini na moja. Chetu sita.

"Sita tu," meneja akasema. "Sasa mnanililia mimi nini? Kawalilieni wenzenu wa ng'ambo ya mpaka."

Bwalo likalipuka kwa vicheko. Mwezi uliotangulia jirani hao walikuwa wametufunga mabao matatu bila, kwa hiyo kuwashinda kwa lolote kulikuwa kutamu. Fundi mitambo mmoja tuliyemwita Kipaza alipanda juu ya benchi akaanza kuimba sita, sita, nasi tukaitikia. Tulivishwa kilemba cha ukoka, tena tukainamisha vichwa wenyewe. Haijafika saa sita, karatasi ya kuifuta barua ilikuwa imezunguka meza zote. Nikatia dole.

Mke wangu hakutia. Jioni alinitazama nikinawa.

"Baba watoto, kumbe hao jirani ndio wanaokohoa humu ndani?"

Nikamwambia aache ubishi, yule mtaalamu amesoma. Novemba tukamzika.

Baada ya mazishi ndipo binti yetu, ambaye ni mwalimu, aliponifafanulia taratibu kama anayefundisha darasa la pili. Maduara yale yalikuwa ya gesi inayoipasha dunia joto. Vumbi halikuwemo. Na hata kwa gesi yenyewe, kipande chetu kilikuwa chembamba kwa sababu sehemu kubwa ya duara letu ilikuwa misitu tunayofyeka na kuchoma.

"Wao hawachomi misitu kama sisi, baba. Unaweza kuwa na kiwanda kichafu kuliko vyao vyote, na bado ukaandikiwa sita."

Nimekwenda ofisini mara tano. Karani ananiambia mzee subiri, mzee njoo kesho, meneja yuko kikaoni. Mara ya tano nikamvizia meneja getini. Dereva alisimamisha gari, yeye akashusha kioo nusu, akadhani nimefuata fidia, akaanza kunielekeza dirisha la malipo. Nikamkatiza. Nilikuwa na swali moja tu, na kioo kilipanda kabla hajalijibu: siku ile unatuonyesha yale maduara, ulijua kwamba vumbi halimo?