Breki Mbili za Trekta la Mwaro

Mtu asiyenipa hata mkono wa tanzia siku tulipomzika mume wangu, leo anilimie shamba bure? Ebo! Cha bure ghali.

Shemeji yangu Mwaro alilileta mpaka kijijini kwetu Ganda, trekta jekundu, akawa analizunguka huku akilisifu. Nguvu za farasi hamsini. Magurudumu yote manne yanavuta. Plau hainyanyuliwi kwa mikono, unavuta kishikio tu. Majirani wakaguna kwa kustaajabu. Mimi nikasubiri.

"Ila shemeji," akasema, "hili halipiti kati ya minazi. Linataka uwanja wa kugeukia. Tuikate hii ya katikati kwanza."

Ahaa! Hati hatuna hapa kwetu. Wazee wakija kuamua shamba ni la nani, huuliza minazi aliipanda nani. Ile ya katikati aliipanda marehemu Katana, mume wangu. Ikikatwa, mimi na wanangu tutashika nini?

Nikamwambia aje kesho. Asubuhi nikashuka Malindi, kwa Kishor aliyemuuzia lile trekta, nikamhoji kama mtu anayetaka kununua.

"Upana haufiki mita mbili, mama," akasema. "Na breki za nyuma ni mbili, kila gurudumu na yake. Barabarani zinaunganishwa kwa komeo. Shambani unalifungua, unakanyaga ya upande mmoja, linageuka papo hapo. Mwaro mwenyewe nilimwonyesha."

Kumbe! Alijua tangu mwanzo.

Alasiri Mwaro akaja na trekta lake na msumeno, na majirani nao wakaja kutazama. Nikamwambia, "Shemeji, fungua lile komeo la breki, upite."

"Komeo gani?"

"Usinifanye mtoto. Kishor kanieleza."

Mwaro akapanda trekta. Akainama, akalifungua. Trekta likaingia kati ya minazi miwili, likageukia pale pale shinani, na gome halikuguswa. Mama mmoja akapiga kigelegele, sijui cha nini.

Mwaro akazima injini. "Shamba hili ni la baba yetu," akasema kwa sauti, bila haya. "Na kaka yangu hakuacha mwana wa kiume."

Basi, neno limetoka! Kikulacho ki nguoni mwako.

"Katana alichimba mashimo," nikamjibu. "Maji waliyabeba wanangu Nelly na Emily, vichwani, kutoka kisimani, mpaka minazi ikashika. Uliza yeyote hapa."

Hakuuliza. Mzee Ngowa, jirani yetu, akasema, "Tuliwaona."

"Sote tuliwaona," wakasema wengine.

Mwaro akashika usukani, asijue pa kutazama.

"Haya, washa," nikamwambia. "Si ulisema utanilimia bure?"