Namba ya Uzi Mwekundu

Jumanne saa kumi na moja na nusu alfajiri, kengele ilipogongwa katika bweni la lise, sekondari moja ya wasichana huko Katoyi mjini Goma, Bénita alivaa shati lake jeupe akakuta limeongezwa namba. Ile ya zamani ilikuwa palepale juu ya mfuko: 118, namba yake ya bweni. Mama yake Mukashyaka aliishona kwa uzi mwekundu mwezi wa tisa, kama mama wote wanavyoshona kwenye mashati, mashuka na mifuko ya unga kabla ya kuleta watoto shuleni. Chini yake sasa kulikuwa na namba ndefu ya vipande vinne vilivyotengwa kwa nukta, ikiishia na 206, kisha tarehe na saa: jana, saa moja na nusu jioni.

Mshono ulikuwa wa mama yake, na mafundo mawili mwishoni. Mama yake alikuwa kijijini Kalengera akipalilia maharagwe, na hakuwa amefika Goma tangu Noeli.

Bénita alichomeka shati ndani ya sketi ya buluu, akaenda kunawa.

Kwenye foleni ya maji, Niyonsenga wa kitanda cha chini alikuwa amefunika kifua kwa taulo.

"Weye pia?" aliuliza Bénita.

"Mimi pia. Na ona, mama ameipindisha. Yule mama hatajua kushona mpaka mwisho wa dunia."

Hadi saa ya uji walikuwa wamejihesabu kumi na mmoja. Wote kumi na mmoja walikuwa wamesoma ukurasa wa Gradi.

Gradi alikuwa fundi wa simu mjini, kaka wa Chance, msichana wa namba 119, jirani wa kitanda wa Bénita. Mwezi wa kwanza Chance alimwambia kaka yake kwamba maji ya tangi la shule yananuka choo. Mwezi wa pili Gradi aliyaandika hayo mtandaoni, akaweka na picha ya ufa ulioko kati ya tangi na shimo la choo. Hakuna aliyemjibu. Mwezi wa tano Chance alibebwa kwenda hospitali na kipindupindu, na shule ikaandika daftarini: malaria.

Chini kabisa ya ukurasa wake, Gradi alikuwa ameweka orodha yenye kichwa "Wageni Wetu". Kila aliyeufungua, namba ya intaneti yake ilijiandika pale pamoja na tarehe na saa, na dunia nzima ingeweza kuisoma. Gradi alijivunia orodha hiyo kuliko picha ya ufa.

Simu zilikatazwa bwenini. Ilikuwako moja, ikiishi ndani ya mfuko wa unga wa soya wa Bénita, na ilitumia modemu ya shule, ambayo neno lake la siri lilikuwa jina la mbwa wa Prefe, mkuu wa shule. Intaneti haikuwajua wasichana kwa majina. Wote walitoka kwa mlango mmoja, na mlango huo ulikuwa ile namba inayoishia na 206. Kwenye orodha mtu angejua tu kwamba kuna wasomaji shuleni. Kwenye mashati angejua ni nani.

Walifumua nyuzi kwa wembe. Asubuhi iliyofuata zilikuwa zimerudi, safari hii na mafundo matatu.

Siku hiyohiyo, saa ya kuona wageni, Gradi alikuja langoni kuchukua vitabu vya Chance. Bénita alimwonyesha shati.

"Toa ile orodha, kaka."

"Béni, namba si jina."

"Hapa kwetu ni jina."

Gradi aliinama, akatazama uzi kwa karibu. Alikiri kwamba ni mshono wa mtu mwenye bidii. "Lakini nikiitoa," alisema, "Prefe atasema ukurasa hauna mutu. Orodha ndiyo inaonyesha tuko wengi. Ni uwazi, unaelewa?"

"Uwazi wa nani? Weye unalala mjini. Sisi tunalala hapa."

"Nitafikiri," alisema Gradi, akaondoka na vitabu.

Alhamisi, baada ya kupandisha bendera, Prefe Modeste Hitimana alisimama kwenye ngazi akiwa ameshika chupa yake ya maji. Prefe alikuwa mtu wa sauti ndogo na viatu visivyopata vumbi, jambo gumu sana Goma. Kila Ijumaa dereva alimletea katoni moja ya maji ya chupa. Alitangaza kwamba Jumamosi angekagua mashati yote. Atakayekutwa na namba fulani angerudi kwao siku hiyohiyo, hata kama ni wa mwaka wa sita. Kisha aliitaja namba nzima, vipande vyote vinne, bila karatasi.

Mtihani wa serikali ulikuwa umebaki wiki mbili. Bénita alikuwa wa mwaka wa sita. Kurudi Kalengera sasa kulimaanisha kuanza mwaka upya, na mama yake alikwisha kusema hakutakuwa na mwaka upya, kuna maharagwe.

Alifikiri wakati wa hesabu, akafikiri wakati wa Kifaransa, na kufikia saa ya chakula alikuwa amemaliza kufikiri.

Ijumaa jioni, katika saa ya kujisomea, simu ilitoka kwenye unga, ikapita kutoka dawati hadi dawati ndani ya kamusi iliyotobolewa katikati, kisha kitanda hadi kitanda mpaka alfajiri. Bénita alitoa masharti mawili: kila mtu afungue kwa kidole chake, na asome mpaka mwisho, maana aliyeishia katikati alikuwa hapati uzi. Wasichana walikuwa mia mbili na kumi na mmoja.

"Ni dhambi?" aliuliza Léocadie, kiongozi wa rozari.

"Soma kwanza. Utatubu kesho na wenzako."

Léocadie alisoma. Alipofika kwenye picha ya ufa, alirudia kusoma tangu juu.

Jumamosi mashati mia mbili na kumi na moja yalikuwa na namba. Ya Niyonsenga ilipinda. Ya Uwizeye, ambaye mama yake alifariki, ilikuwa ya uzi wa nyavu na fundo la wavuvi, kwa kuwa baba yake wa Vitshumbi ndiye humshonea. Walijipanga uwanjani, wakavuta mashati yanyooke.

Prefe alitoka ofisini katika suti yake ya kijivu. Namba ilikuwa juu ya mfuko wa koti, chini ya mfuko, kwenye kola, ikashuka mikono yote miwili na kuendelea kwenye suruali hadi mapindo, kila mstari na tarehe yake na saa yake. Mshono ulikuwa mzuri sana. Mama yake Prefe alikuwa fundi hodari katika uhai wake. Prefe alipita mbele ya kila msichana, akasoma shati lake, na kila msichana akasoma suti.

Alipofika kwa Bénita alisimama.

"Namba yako?"

"118, Papa Prefe. Na ile ingine iko kwa bote." Bénita alitazama mstari wa kwanza kabisa, ule wa juu ya mfuko. "Ya kwenye suti yenu inaanza tarehe tisa ya mwezi wa pili. Siku hiyo Chance alikuwa angali anacheza basketi."

Prefe alishusha macho kwenye mfuko wake, akang'oa kiuzi kilichochomoza, akakitia mfukoni.

"Mutoto," alisema, "soma masomo yako. Usisome nguo za wakubwa."

Hakuna aliyefukuzwa. Jumatatu lilitoka tangazo kwamba kuanzia mwaka ujao mashati hayatakuwa na mifuko. Gradi alituma ujumbe kwamba orodha imeng'aa kama mlima wa moto Nyiragongo usiku, na kwamba ameboresha ukurasa ili uonyeshe pia aina ya simu. Kufikia asubuhi, mashati yote yalikuwa yameongezwa neno Tecno.

Chance alirudi Jumatano, mwembamba, na shati lenye 119 peke yake, kwa kuwa hakuwahi kuufungua ukurasa. Alichota kikombe kwenye bomba la tangi. Bénita alikichukua mkononi mwake kabla hakijafika mdomoni, akamwaga, akaenda jikoni kuomba makaa. Alichemsha sufuria moja asubuhi na moja jioni, akisoma historia juu ya mvuke, mpaka siku ya mtihani.

Ijumaa ya juma hilo la kurudi kwa Chance, katoni ya maji ya chupa iliingia ofisini kwa Prefe kama kawaida. Jioni yake mstari mpya, wenye tarehe ya siku hiyohiyo, ulionekana kwenye tai yake.