Mguu wa Kushoto

Bosi, mbwa wetu, alizeekea chini ya cherehani yangu. Alikuwa akilaza kidevu upande wa kushoto wa pedali, nami nikazoea kushona kwa mguu wa kulia peke yake ili nisimsumbue.

Mwishowe miguu yake ya nyuma ikafa. Akawa anajikojolea, na akigeuka analia. Daktari wa mifugo alimpapasa, akaniambia bila kuzunguka: "Mama, dawa za maumivu utanunua kila mwezi, na hazitamponya. Sindano ya kumpumzisha ni mara moja tu."

Uwezo wangu uliishia kwenye sindano.

Mdogo wangu, ambaye mdomo wake hauna breki, akadakia, "Mbwa ni mbwa tu, dada. Usijifilisi." Nilimwambia afunge domo. Nilikuwa nimeshaamua, na iliniudhi kwamba uamuzi wangu ulifanana na maneno yake.

Nilimshika Bosi kichwa. Aliilamba sindano ilipokuwa inakuja, akidhani ni kitu cha kula.

Kesho yake nilirudi kazini. Mdogo wangu alikuwa akikata kitambaa mezani. "Mguu mmoja wa nini tena?" akauliza. "Si ameshaondoka?"

Kwa hasira nikaushusha mguu wa kushoto, nikakanyaga kwa nguvu. Pedali haikwenda.

Akaweka mkasi chini, akainama kuangalia kilichokwama.

"Dada," akasema polepole, "toa mguu. Unamuumiza."