Kamongo wa Mafunjoni

Maji yalimfika Ezéchiel kiunoni alipokiona kiota: shimo katikati ya mafunjo, pembeni mwa Ziwa George, matope yake yamelainishwa kama kwa kiganja. Akainua mkuki, akangoja. Kamongo ni samaki mwenye mapafu. Hata awe mjanja vipi, lazima apande kuvuta hewa.

Akapanda. Mrefu kama nyoka, mapezi yake membamba kama kamba. Alivuta pumzi kama mzee anayehema, kisha akarudi palepale. Dume. Jike hutaga mayai, kisha huenda zake. Dume hubaki na vitoto mpaka viweze kupumua vyenyewe. Ndiyo sababu wavuvi hutafuta viota: mwenye kiota hakimbii.

Ezéchiel alichoma, akakosa. Samaki akamrukia, akamchana kidole hadi mfupani, kisha akajikunja tena mlangoni mwa shimo. Nyuma yake vitoto vilitapatapa, vyeusi, vidogo kama viluwiluwi.

Ezéchiel alisimama pale muda mrefu, damu ikichuruzika majini. Mwishowe akaushusha mkuki.

Nasif, mchuuzi aliyempa kazi ile, alikuwa akingoja barabarani na pikipiki.

"Samaki iko wapi?"

"Iko na batoto, bosi."

"Na wewe hauna batoto? Kesho usikuje. Nitapata mutu ingine."

Jioni, katika chumba chao cha kupanga mjini Bwera, Uganda, mkewe Kaswera alimfunga kidonda kwa kipande cha kitenge. Miaka mitatu tangu wakimbie vita Beni, Kongo, hawakuwa wamezungumza juu ya siku aliyokufa binti yao, Alliance. Siku hiyo Kaswera alikuwa ameenda sokoni Butembo.

"Mama Alliance," Ezéchiel alisema, "siku ile sikumubeba."

Mikono ya Kaswera ikasimama.

"Uliniambia alikufa mu mikono yako."

"Nilisikia masasi ya bunduki, nikaruka dirisha. Yeye alibakia chini ya kitanda. Aliniita. Nikakimbia tu."

Kaswera hakulia. Alikitazama kile kitenge, damu ikipenya.

"Aliita namna gani?"

"Papa. Mara mbili."

Kaswera alimaliza kufunga fundo, akalikaza, akatoka. Manyunyu yalikuwa yameanza. Ezéchiel alimsikia akianua nguo kambani, moja baada ya nyingine, bila haraka. Aliporudi alikuwa amebeba nguo zake tu. Kupitia mlango uliobaki wazi, shati la mumewe lilionekana kambani, likizidi kulowa.