Taya la Korongoni

Mwaka 1957, katika korongo moja nje ya Iringa, Kalinga na Andendekisye walikuwa wakichimbua fuvu la mnyama aliyekwisha kutoweka duniani. Lilikuwa na pembe fupi, nene, zenye vinundu. Kalinga, aliyewinda sana ujanani, alisema ni nyati. Umakant, mtaalamu wa mifupa aliyewasimamia, alisita.

"Pembe ya nyati huvaa ganda. Hapa sioni hata alama yake. Nipatieni taya la chini, ndipo nitajua."

"Utaona mwenyewe, bwana. Ni nyati," alisema Kalinga.

Jumapili ilinyesha mvua kubwa. Kesho yake Umakant aliutazama ukuta wa korongo, akauona umekauka, akawaruhusu washuke. Ukuta ukaporomoka. Andendekisye aliwahi kuruka pembeni, Kalinga akafukiwa. Walimfukua kwa majembe, kisha kwa mikono, wakiogopa kumuumiza. Walipomfikia alikuwa amekwisha kukata roho. Katika udongo uleule uliomfunika, wakalikuta taya.

Baada ya matanga, mjane wake Sekela alifika korongoni kabla ya kurudi kwao Mbeya. Umakant alisimama.

"Mama, mimi ndiye niliyewaruhusu washuke."

"Nimeambiwa. Nataka kujua yule mnyama alikuwa nini."

Umakant akalileta taya, limefungwa kwenye gunia, akamwonyesha jino la mbele, la pembeni kabisa.

"Limegawanyika katikati kama kwato. Nyati hana jino la namna hii. Twiga analo."

"Twiga mwenye pembe zile?"

"Jamaa yake twiga. Shingo yake ilikuwa fupi, mwili mzito, miguu minene. Wataalamu humwita Sivatherium."

Sekela akapitisha kidole kwenye ule mgawanyiko.

"Alibishana nami mpaka ugali ukapoa," alisema. "Nilimuuliza, nyati gani mwenye pembe fupi hivyo? Akanuna."

Hapo akalia. Msibani Andendekisye, aliyekuwa amesimama kando, hakumwona akitoa chozi. Sekela alipotulia, aliuliza kama bado kuna kitu shimoni.

"Mguu wa mbele," alisema Umakant. "Ungetueleza alivyotembea."

"Uacheni. Asishuke tena mtu humo."

Umakant akalirudisha taya guniani.

"Tutauacha, mama."

Mchana huo alichukua sepetu mwenyewe, akaanza kulifukia shimo. Andendekisye akambebea Sekela mzigo wake hadi kituo cha basi la Mbeya, akasubiri naye barabarani mpaka basi likaja.