Nyasi za Desmond

Kila Jumanne mgongo wangu huamka kabla yangu na kuanza kulalamika. Ndiyo siku yetu ya mlimani. Tuko wazee sita, na kazi yetu ni kukusanya kwa reki nyasi zilizokatwa kwenye mteremko wa chaki, mwamba mweupe laini, juu ya kijiji, kisha kuziburuta chini tuzitupe. Zikiachwa zioze zinakuwa mbolea, na mbolea ndiyo adui. Maua ya mlima ule yanataka ardhi yenye njaa. Ukiilisha, nyasi nene zinainuka na kuyafunika, maua ya okidi yanakufa, vipepeo wa bluu wanajiendea zao. Maisha yangu nusu nimeyamaliza nikiushindisha mlima na njaa. Ukiniuliza nimepata nini, nitakuonyesha magoti.

Aliyeanzisha kikundi ni mume wangu, Desmond. Watu wanaochoma maiti zao hupenda kuleta majivu ya wazazi wao pale, maana ni pazuri na bahari unaiona kwa mbali. Yeye alikuwa anawarudisha. Majivu ya mtu ni mbolea kali, aliwaambia, na hakuna mtu mwema kiasi cha kuua maua. Kuna mwanamke alimlilia mbele yetu sote na bado akakataa. Siku ile nilimnunia mpaka kulala.

Halafu akaugua yeye. Wiki ya mwisho, hospitalini, akasema anataka kuwekwa juu kule, karibu na okidi. Nikadhani ni dawa zinasema. Nikamkumbusha sheria yake mwenyewe.

"Naijua," akasema. "Niweke hivyo hivyo."

Ungemjibu nini mtu wa namna hiyo? Nikasema sawa.

Ruhusa sikuomba. Nilipanda na kopo la majivu yake ndani ya mkoba, Jumanne kama nyingine. Watu wa kwetu hawaulizani mambo, lakini macho wanayo. Rodney, aliyeshika uongozi baada ya Desmond, akatangaza kwamba leo chai tutanywea upande wa pili, huku kuna upepo. Hata jani halikutikisika. Wakaenda na biskuti zao, nikabaki na mume wangu. Nikammwaga, nikalia, nikajipangusa, nikawafuata. Doreen akanikatia keki na kuanza habari za paka wake.

Kiangazi kilichofuata pale palikuwa pamenona, aibu tupu. Nyasi zilinifika magotini, kijani kibichi, wakati mteremko wote umekauka. Kila mtu aliona. Rodney akagawa kazi, nyie huku, sisi kule, na kipande kile hakikutajwa. Hata mashine ya kukatia ilikiruka. Tukakusanya nyasi tukikizunguka kama watu wanaomkwepa mlevi aliyelala njiani. Mwaka wa pili, vilevile. Nilijua wananistahi mimi, na nilishukuru. Siku nyingine nilipanda peke yangu, nikakaa pale nikimpa umbea wa kijiji. Kaburi jingine sina.

Mwaka wa tatu, mwezi wa Juni, nikakaa pale nikazitafuta okidi. Kipande kilikuwa kimetanuka. Zilibaki tatu, nyembamba, zimezongwa na nyasi za Desmond. Mtu yule alizikuta chache akazilinda mpaka zikajaa mteremko mzima, na sasa anazimaliza mwenyewe. Nilichoka, na safari hii haukuwa mgongo. Wenzangu wangeuacha mlima wote uharibike kuliko kuniumiza. Adabu yetu itatuua. Wa kusema nilikuwa mimi peke yangu, na nilijua nikisema kitafuata nini. Ardhi iliyonona dawa yake ni moja: unakwangua udongo wa juu mpaka chaki itokeze, unaubeba, unautupa mbali.

Usiku wa Jumatatu sikupata usingizi. Asubuhi Rodney alikuwa katikati ya kugawa kazi nilipomkatiza.

"Rodney, leo tuanze na Desmond."

Wote wakatazama viatu vyao. Doreen akaanza kukohoa kikohozi ambacho hakuwa nacho.

"Hilary, si lazima," Rodney akasema taratibu. "Sisi hatuna haraka."

"Okidi zinayo. Zimebaki tatu. Leteni majembe."

Pigo la kwanza nilipiga mwenyewe. Udongo ulikuwa mweusi na laini, umejaa minyoo, udongo ambao mkulima yeyote angeuombea dua. Wenzangu wakafuata. Walikwangua kwa upole kama watu wanaomfunua mgonjwa shuka, na Rodney alipofika karibu na zile okidi tatu aliweka jembe chini akatumia vidole. Kufikia adhuhuri chaki ilikuwa imetokeza, nyeupe, tupu.

Toroli ya mwisho nilisukuma mimi. Ilikuwa nzito, njia ilikuwa mbovu, na hakuna hata mmoja aliyethubutu kunipokea.